Vumbi la Mbinguni Juu ya Bati la Kanisa

Ijumaa, 3 Novemba 1978

Leo nimeshindwa kumaliza chakula. Mimi! Nilivuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya Zaïre miaka kumi na moja iliyopita, na hapa Nchelenge, upande wa Zambia, hakuna aliyewahi kuona sahani ya Zéphirin Mwenze ikirudi jikoni na kitu.

Kisa ni Mwalimu Matildah, anayefundisha sayansi shule ya sekondari. Asubuhi alikuja ufukweni kununua chisense, vile visamaki vyetu vinavyoanikwa mchangani. Mke wangu Léonie akamwomba radhi kwa mchanga ulioshika samaki. Mwalimu akasema hakuna neno, na kwamba vumbi lililomo humo si lote la Nchelenge. Lingine limetoka juu, mbali kupita mwezi.

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza kama anatutania. Akasema hatanii hata kidogo. Huko angani mawe yanagongana, na nyota zenye mkia zinamomonyoka, na unga wake unatua duniani kila siku bila kupiga kelele. Kiasi gani? Akasema wataalamu wenyewe wanabishana vikali, lakini hesabu moja anayoiona ya busara ni tani mia moja hivi kwa siku.

Kwa siku! Lori linalopeleka samaki wetu Mansa hubeba tani saba. Basi kila siku ya Mungu malori kumi na manne yanamwaga vumbi juu ya dunia, na hakuna hata mtu mmoja anayepangusa bega lake. Mchana nikaangalia bukari, ugali wetu, sahanini. Nikaangalia mchuzi. Nikajiuliza nimekula nyota ngapi tangu nizaliwe. Mkono ukagoma.

Saa kumi na moja Léonie alinawa mikono akakaa mbele ya redio, kama kila siku. Wakati huo redio ya ng'ambo husoma komunike, habari ambazo watu hutumiana: fulani amefariki, fulani amejifungua, fulani aje haraka. Kaka yake Roger alikuwa akifanya kazi Kolwezi. Tangu vita vya Mei hatujasikia neno lake. Redio yenyewe alituletea yeye, siku ya arusi yetu, ameibeba kichwani kutoka kwenye boti ili isiguse maji. Léonie husikiliza hadi jina la mwisho, huzima, halafu huenda kugeuza samaki. Leo pia jina la Roger halikuwamo.

Nilitaka kumwambia neno la kumfariji. Lakini nilikuwa nahesabu malori.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimeamka na mpango! Mzuri kuliko ule wa mamba.

Wamarekani walikwenda mwezini mara sita kufuata mawe. Roketi, moto, mavazi kama magunia, shida tupu. Mimi mali ya huko juu imenijia yenyewe bila nauli. Kazi yangu ni kuiokota na kuwaandikia barua. Kopo moja la vumbi safi la anga, limekusanywa na Z. Mwenze, Nchelenge. Watanitumia mtu. Labda watanitumia ndege.

Nimekwenda kwa Mwalimu Matildah, nikauliza maswali kama mtu asiye na haja. Akanieleza. Vumbi hilo linatua kwenye mabati, mvua inalisukuma hadi kwenye mfereji wa paa. Chembe nyingi zina chuma, kwa hiyo sumaku inazinasa. Lakini lazima sumaku ivikwe mfuko wa nailoni, ili chembe zitoke mfuko ukivuliwa. Nimekumbuka yote. Lile la nailoni nimeliacha, ni jambo dogo.

Tatizo ni moja. Paa langu ni la nyasi.

Paa la Goodson Kafula ni la bati. Bila shaka. Goodson ni fundi bati wetu, na pia fundi wa taa, baiskeli, kufuli na redio. Kila mtu anamhitaji Goodson. Miwani ikivunjika, Goodson. Mtumbwi ukipasuka, Goodson. Mwaka jana nilitengeneza mtego wa fisimaji, ukamnasa mbwa wa Goodson. Alinirudishia mtego wangu ukiwa umekarabatiwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpenda.

Kwa hiyo kanisa. Bati jipya kabisa upande mmoja, kukuu upande mwingine, na mfereji mzuri unaoingia kwenye pipa. Nikamfuata Mayo Olipa, mama mtu mzima anayeshika ufunguo. Nikamwambia moyo wangu umenituma kuosha paa la nyumba ya Bwana kabla ya Noeli. Akanishika mikono yote miwili. Akasema miaka kumi na moja amenihukumu vibaya, na leo anatubu. Nikahisi kitu kikinichoma kifuani. Kikapita.

Jumapili, 5 Novemba

Mayo Olipa ametangaza habari yangu mbele ya kanisa zima. Vigelegele! Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ni kazi ngumu, shingo inauma.

Halafu Goodson akasimama. Akasema atanikopesha ngazi yake. Vigelegele tena, na nadhani vilikuwa virefu kuliko vyangu. Hata utakatifu wangu lazima aushikie ngazi.

Imebaki sumaku. Nazijua mbili tu mjini hapa. Moja iko juu ya meza ya Goodson, anaokotea misumari. Nyingine iko nyuma ya spika ya redio yetu. Niliiona wakati wa mvua Goodson alipoifungua kuondoa mende. Siwezi kumwomba Goodson ngazi na sumaku katika Jumapili moja. Mtu ana heshima yake.

Redio inahitajika saa kumi na moja tu. Saa nyingine zote sumaku imekaa bure.

Jumatatu, 6 Novemba

Ushindi! Ushindi na kasoro moja.

Léonie alipokwenda ufukweni nikafungua redio kwa kisu cha samaki. Sumaku ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Nikaivuta, nikaibembeleza, nikaigonga kidogo. Ikatoka na kipande cha kitu kingine ambacho nadhani hakina kazi.

Mvua bado haijaanza vizuri, kwa hiyo maji nimeyachota ziwani mwenyewe. Ndoo kumi na saba. Nimesugua bati kwa ufagio kuanzia kileleni hadi kwenye mfereji. Mara moja mguu ulizama kwenye bati kukuu, lakini shimo ni dogo na liko mahali ambapo hawakai watu wengi. Maji yote meusi yakaingia kwenye pipa. Nikapiga magoti, nikaingiza sumaku, nikakoroga.

Ikatoka na ndevu! Ndevu nyeusi, nene, za mzee wa miaka sabini. Nikazikwangua, nikaingiza tena. Ndevu tena! Nikajaza nusu kopo la kakao. Kila unywele ule ulitoka mahali ambapo ndege hafiki, ukaelea miaka na miaka gizani, ukachagua Nchelenge. Nilibaki nimepiga magoti, machozi yakinilenga. Mayo Olipa akapita, akaniona, naye akapiga magoti kando yangu. Tukaomba robo saa nzima. Niliomba kweli. Sikuwa na njia nyingine.

Kasoro ni hii. Nilirudi nyumbani saa kumi na nusu na sumaku haikukubali kurudi mahali pake. Nikafunga redio bila sumaku. Saa kumi na moja Léonie akawasha. Kimya. Akazungusha. Kimya. Akaniuliza kuna nini. Nikasema betri. Neno lilitoka lenyewe, sikulituma.

Hakuzima. Alikaa mbele ya redio bubu muda wote wa komunike, mikono juu ya magoti. Muda ulipokwisha akatoa betri zote nne akazifunga kwenye kitambaa. Kesho atazianika juani zipate nguvu, kama tunavyofanya sote.

Nitarekebisha kesho.

Jumanne, 7 Novemba

Betri nne zimepangwa kwenye mkeka, kando ya chisense. Zinaota jua. Kila baada ya muda Léonie anakuja kugeuza samaki, halafu anazigeuza na betri. Nilipita pale mara tatu. Kila mara nilitafuta kitu cha kuangalia upande mwingine.

Saa nne nilikuwa shuleni na kopo langu. Mwalimu Matildah akaweka chembe chini ya hadubini ya shule. Akatazama. Akaongeza nyingine. Akatazama sana. Kisha akaniuliza jirani wa kanisa letu ni nani.

Nikasema upande wa ziwa hakuna mtu, upande wa barabara ni karakana ya Goodson.

Akajiegemeza kitini. "Basi Tata, nakuomba usikasirike," akasema. "Hii yote ni vumbi ya ba Goodson."

Akanieleza pole pole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa nyuma. Zile ndefu zenye ncha ni unga wa tupa yake. Zile nyekundu ni kutu ya bati. Nikamwonyesha za mviringo, maana nilikuwa na nyingi za mviringo, ndogo, zinang'aa! Akasema hizo ni cheche za jiwe lake la kunolea, lile analozungusha kwa baiskeli. Kila cheche ni tone la chuma kilichoyeyuka, na likiruka hewani linaganda duara. Ukuta wa kanisa ni mfupi. Upepo ni wa bure.

Miaka yote hii Goodson anarusha nyota zake juu ya ukuta. Na mimi nimezipigia magoti. Na Mayo Olipa kando yangu!

Nikauliza, basi la kwetu, la kweli, liko wapi. Zile tani mia ziko wapi? Akachukua chaki. Dunia ni kubwa, akasema. Ukizigawa tani hizo juu ya nchi zote na maji yote, paa lote la kanisa linapata kwa mwaka mzima kitu ambacho ukikiweka kwenye kucha utakipoteza ukipumua. Kujaza mfuko wa kilo moja ya sukari kutoka paa lile, miaka elfu sitini na zaidi. Na ingekuwa hakuna upepo, mvua wala ufagio duniani, vumbi likae tu palepale lilipotua, lifike unene wa milimita moja? Aliandika sifuri nyingi. Miaka milioni ishirini na tano.

Nilikaa. Wanafunzi walikuwa wanacheza mpira nje. Milioni ishirini na tano, kwa unene wa kamba ya kiatu. Na bado halijakosa siku hata moja. Nikafikiria subira ile. Mimi jana nilishindwa kusubiri gundi ilainike.

Ndipo akasema kuna moja ameitenga. Aliiinua kwa ncha ya njiti yenye mate, akaiweka peke yake chini ya lenzi, akaniachia kiti. Alisema hawezi kuapa. Hana vyombo vya kupima. Lakini hii haifanani na cheche za Goodson, na inafanana na picha iliyomo katika kitabu chake.

Nikatazama.

Ilikuwa nyeusi, duara, kama kioo cha moshi. Juu yake mistari, mingi, imelala sambamba kama maji ya ziwa upepo wa asubuhi unapoanza kuyagusa. Nukta ya kalamu ni kubwa kuliko yenyewe. Mwalimu akasema kama ni kweli, iliyeyuka ilipoingia hewani kwetu kwa kasi, ikaganda tena ikishuka, na vitu vilivyoifanya vina umri sawa na dunia hii, labda kuzidi. Kabla ya ziwa. Kabla ya mlima wowote. Kabla ya mtu wa kwanza kuona njaa. Ilikuwa imelala kwenye mfereji wa kanisa letu kati ya kutu na vinyesi vya njiwa.

Naandika ukweli: niliogopa. Nilitaka kuvua kofia na sikuwa na kofia. Kwa muda sikumfikiria Mmarekani yeyote.

Mwalimu akaikunja katika karatasi, juu akaandika alama ya kuuliza, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Jumatano, 8 Novemba

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi.

Nilitaka Léonie aione. Nilifikiri akiona kitu cha ajabu namna ile, mengine yataonekana madogo. Nikamwita mezani. Nikamweleza tani, malori, miaka milioni. Alisikiliza vizuri. Aliniuliza kama vumbi hilo linaanguka na upande wa Zaïre. Nikamwambia linaanguka pande zote mbili sawasawa, mpaka haliuoni, pasipoti haliulizwi. Akasema basi na Roger popote alipo linamwangukia. Sikuwa nimewaza hivyo. Mimi ndiye msomi wa jambo hili, na sikuwa nimewaza hivyo.

Nikafungua karatasi. Upepo wa ziwani ukaingia dirishani. Karatasi ikainuka. Nikashtuka, nikatafuta kitu kizito cha kuikandamiza, nikaingiza mkono mfukoni.

Nikaikandamiza kwa sumaku.

Nilipoiinua karatasi ilikuwa tupu. Sumaku ilikuwa na chembe mia za Goodson, sikuivika nailoni, na mojawapo kati ya hizo ni ya kutoka kupita mwezi. Ipi? Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Zote nyeusi.

Nilipoinua macho, Léonie alikuwa anaiangalia sumaku. Aliiona wakati wa mende, kama mimi. Alikwenda kwenye redio, akaifungua mgongo, akatazama mahali palipo wazi. Hakupiga kelele. Léonie akikasirika sauti inashuka.

"Zéphirin," akasema. "Betri yangu iko ku jua siku mbili. Weye unapita, unaiona, unanyamaza."

Ningependa angepiga kelele. Kelele ningeijibu.

Tukiwa hapohapo Goodson akabisha hodi. Nani mwingine! Amevua kofia, ameishika mbele. Akasema samahani, anataka kuuliza jambo. Jumatatu jioni alikuwa anajaribu redio ya mteja wa Chienge huku ananoa panga. Akasikia komunike: kwa Léonie wa Nchelenge, juu ya kaka yake Roger. Jiwe lilikuwa linazunguka. Hadi aliposimamisha baiskeli, walikuwa wanasoma ya mtu mwingine. Mteja kaja kachukua redio yake. Goodson alidhani sisi tumesikia. Lakini siku mbili zimepita, na nyumbani kwetu hakuona kilio wala ngoma. Ndiyo maana kaja.

Léonie akakaa chini. Pale pale sakafuni, akajishika magoti.

Kila komunike husomwa mara mbili; ya Jumatatu hurudiwa Alhamisi. Kesho, basi. Nikasema haraka kwamba tunaweza kwenda kusikiliza kwa jirani yeyote. Akatikisa kichwa. Redio hii aliibeba Roger kichwani, akasema. Ikiwa ni kifo atakisikia humu, na ikiwa ni uzima atausikia humu, si kwenye veranda ya watu.

Goodson aliniangalia mimi, akaangalia sumaku mezani. Alisema tu tuilete karakanani alfajiri.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimelala nje. Si kwa kupenda.

Asubuhi tulikuwa kwa Goodson. Alitandaza vipande kwenye gunia. Kile ambacho nilidhani hakina kazi kina kazi. Akakishona kwa uzi wa nyavu, akakipaka lami ya kuzibia mitumbwi. Halafu akachukua sumaku na brashi ya waya, tayari kuisafisha.

Nikapiga yowe. Akashtuka. Ikabidi nimweleze yote, tangu vumbi hadi hadubini, hadi kwamba nusu kopo lile ni la kwake. Nilisubiri acheke. Ningekuwa mimi ningecheka hadi Krismasi. Hakucheka. Aliisogeza sumaku karibu na jicho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Moja mu hizi njo ya kule juu?"

Nikamwambia moja. Labda.

Aliweka brashi ya waya chini. Akachukua unyoya wa bata, akapangusa mbele tu, pale ambapo uchafu ungegusa spika. Huku nyuma, kwenye pete, hakugusa. Alisema huko hakuwezi kudhuru. Kisha akairudisha sumaku mahali pake kwa vidole viwili, kama anayeweka yai kwenye kiota.

Lazima niandike kwamba nilimpenda Goodson kwa muda wa kama dakika nne.

Lami ilikauka saa tisa. Saa kumi habari ilikuwa imeenea. Wanawake wa ufukweni wote walikuja uani kwetu, na Mayo Olipa na kiti chake, na Mwalimu Matildah kutoka shule, na Goodson nyuma kabisa karibu na mlango. Léonie akatia betri zake mwenyewe, moja moja. Betri zilizoota jua siku tatu bila kosa lolote.

Akawasha. Kwanza mkwaruzo. Halafu, mwanamke akisoma majina!

Mazishi Likasi. Mtoto Pweto. Mtu fulani arudishe baiskeli. Mikono ya Léonie ilikuwa juu ya magoti, vidole vimekamatana. Nilitaka kuvishika na niliogopa. Nikavishika hata hivyo. Hakuvitoa.

"Kwa Léonie, bibi ya Zéphirin, Nchelenge, Zambia," ikasema redio. "Kaka yako Roger eko muzima. Alikuwa mugonjwa mu Likasi, sasa amepona. Atavuka ku Kilwa mbele ya Noeli. Atakuletea redio mupya, mukubwa, ya spika mbili."

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza. Léonie hakupiga. Aliinama, akaweka paji la uso wake juu ya redio, akabaki hivyo, mabega yakitikisika, na redio ikaendelea kusoma majina ya watu wengine chini ya paji lake.

Mimi nilikuwa karibu kabisa. Niliona kitambaa cha spika kikitetemeka kwa sauti. Nikajua kwamba huko nyuma, kwenye pete, kitu kidogo kuliko nukta kilikuwa kinatetemeka pamoja na jina la Roger. Kiliumbwa kabla ya ziwa. Kikangoja muda wote huo ili jioni hii kikae hapa. Nililia wazi mbele ya watu, na Mayo Olipa akamwambia jirani yake kwamba ndivyo walivyo watu wa sala.

Nimelala ndani.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua kubwa imenyesha leo. Kanisani inavuja mahali pamoja tu, juu ya kiti cha Mayo Olipa. Ameuliza kama ni ishara. Nimesema inaweza kuwa. Goodson amekwenda kuziba, na ngazi yake.

Nimemwapia Léonie. Aliniletea Biblia, nikaweka mkono. Sitafungua redio hii tena maisha yangu yote, wala kuigusa mgongo, wala kuichungulia. Niliapa kwa moyo mweupe, na alinipa samaki mkubwa.

Nimejifunza. Vumbi la mbinguni si la kukusanywa na mtu. Linatua polepole juu ya wema na wabaya, Zambia na Zaïre, juu ya bati na nyasi. Mtu alitazame, ashangae, anyamaze. Nimeandika hivyo na nimelia tena kidogo.

Halafu, kwa kupitisha muda tu mvua ikinyesha, nikachukua hesabu ya Mwalimu. Kosa langu lilikuwa paa. Paa la kanisa ni dogo! Nani alinituma kwenye paa? Mwalimu alisema ziwa letu ni kama kilomita za mraba elfu tano. Nikagawa. Nikarudia mara tatu. Nikamwita Léonie aone, nikakumbuka kiapo, nikamwambia si kitu.

Kilo moja hivi. Kila siku! Kila siku inayokwenda kwa Mungu, kilo moja hivi ya vumbi la nyota inaanguka ndani ya Mweru, mbele ya macho yetu, na sisi tunatoa samaki tu. Nilisimama mlangoni nikaangalia mvua ikipiga maji hadi pale ambapo ukingo wa ng'ambo unapotea. Kilo ya jana imo. Kilo ya leo inashuka sasa hivi.

Linalotakiwa ni mtumbwi, kamba ndefu, na kitu cha kuburuta chini. Safari hii nitakivika nailoni, mimi si mjinga. Mtumbwi Goodson anao. Kamba ninayo.

Kiapo ni cha redio hii. Nimekisoma tena neno kwa neno. Roger anavuka kabla ya Noeli na redio mpya, na redio mpya sikuiapia.

Spika mbili. Sumaku mbili.